Debe la Maji ya Gari

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili kutoka Dar es Salaam kuliangalia gari langu. Wana kikundi chao cha wapenda magari ya zamani. Wanayanunua, wanayakarabati, na siku za sikukuu wanayatoa yote barabarani kwa foleni ili watu wayapige picha. Mmoja alikuwa msemaji sana. Mwingine alilizunguka gari mara tatu, kisha akapiga magoti mchangani na suruali yake nzuri na kuchungulia uvunguni. Huyo nilimpenda papo hapo. Aliniuliza maswali ya mtu anayejua anachokitafuta: hendeli ya kuwashia ni ile ile lililokuja nayo? Breki za waya nazikaza vipi? Kabureta imeshafunguliwa mara ngapi? Akafika kwenye rejeta, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini, akauona umetiwa lehemu.

"Ilikuwa inavuja, mzee?"

"Ilivuja miaka mingi."

"Sasa huko Newala ulikofundisha, na shida ile ya maji, ulikuwa unafanyaje?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa naweka maji. Alicheka, akadhani namtania. Jibu lenyewe ni la kweli ila limekatwa mkia, na tangu waondoke nimekaa nalo hapa barazani kwangu Masasi likinikera. Kuuza nilikataa. Walipandisha bei wakachoka, wakaniachia namba zao za simu. Sasa naandika lile ambalo sikumwambia yule kijana aliyepiga magoti.

Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Rungwe, ambako mvua ni kero. Kwetu mtoto halali njaa wala hajui kiu. Anachojua ni nguo zisizokauka. Nikiwa kijana, kabla sijaingia chuo cha ualimu, nilikuwa nashinda kwenye gereji moja pale Tukuyu, na huko ndiko nilikopatia ugonjwa huu. Wenzangu walipenda magari mapya. Mimi nilipenda yale ambayo mwenyewe ameshayakatia tamaa. Gari jipya halikuhitaji. La zamani linakusubiri.

Mwaka wa pili baada ya uhuru nikahamishiwa Newala kufundisha. Lori tuliloabiri kutoka Lindi lilisimama Nanganga kupoza injini, na mimi nikazunguka nyuma ya duka moja kutafuta pa kujisaidia. Mlango wa ghala la korosho ulikuwa wazi. Ndani, kati ya magunia, nikaona taa mbili kubwa kama sufuria zikinitazama.

Gari lilikuwa limeundwa kabla ya vita vya Hitla. Lilikuwa na ubao wa kukanyagia pande zote mbili, boneti ya kufunguliwa kwa ubavuni, na milango iliyofunguka kwa kurudi nyuma. Beji ya kiwanda ilikuwa imeng'oka zamani, yakabaki matundu mawili. Kwenye kiti cha nyuma kuku alikuwa amelalia mayai. Mwenye duka, mzee mmoja wa Kihindi mwenye kofia ya kitambaa, alinikuta nimesimama pale nimesahau hata haja iliyonipeleka.

"Unalitakia nini?" akaniuliza.

"Nimelipenda tu."

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo," akasema, na akacheka bila furaha.

Lori liliondoka bila mimi. Nilitoa akiba yangu yote, nikatoa na baiskeli niliyokuwa nimeishusha lorini, na yule mzee akaondoa mayai kwenye kiti cha nyuma moja moja, akayatia ndani ya kofia yake, akamtoa na kuku, akanikabidhi ufunguo. Akaupapasa usukani kidogo kabla ya kushuka. Wakati ule sikuelewa kwa nini alichukua muda mrefu hivyo kushuka.

Fundi mmoja wa Masasi alinisaidia kulifufua. Gasketi ya chini tulikata kwenye boksi la sabuni, viti tukavijaza sufi, mipira ya maji tukaitengeneza kwa tyubu za baiskeli na waya. Vyuma vyake nilivisugua kwa majivu na ndimu hadi nikajiona uso. Siku nilipolipandisha mlima wa Newala lilisimama mara nyingi njiani, likapumua, likaendelea, na nilipofika juu kwenye uwanda na upepo ukaingia kupitia kioo cha mbele, ambacho kilifunguliwa kwa kusukumwa nje, nililia. Nilikuwa peke yangu, hakuna aliyeniona. Nasema hivi ili ijulikane kwamba haikuwa majivuno tu. Niliipenda sauti yake ile ya taratibu, ambayo kila pigo la pistoni unalisikia peke yake, na nilipenda kwamba lazima ulisikilize ndipo ulijue.

Kasoro yake ilikuwa moja. Rejeta ilivuja kwenye mshono wa chini. Likiwa linatembea lilidondosha kidogo tu, lakini likilala, asubuhi unakuta maji yote yameingia mchangani. Lehemu haikupatikana, na aliyekuwa nayo hakuwa na moyo wa kuigusa rejeta kuukuu kiasi kile. Basi nikaanzisha utaratibu. Kila nikirudi nyumbani nilifungua koki ya chini, nikayakinga maji kwenye debe, nikaliweka debe karibu na mlango. Nikitaka kutoka, nayarudisha. Watu wa Newala waliupenda utaratibu ule kuliko walivyolipenda gari, maana huko hakuna anayemwaga maji. Ili mtu asije akayachukua kwa bahati mbaya, niliandika ubavuni mwa debe kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wa ubaoni: MAJI YA GARI.

Mke wangu nilimpata Makote, kijiji cha huko huko uwandani. Siku ya harusi nilimchukua kwao kwa gari hilo hilo, nimelipamba kwa maua ya karatasi, na mama zake wadogo wanne wamejibana nyuma huku wakipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye utani wa chini chini ambao ukichelewa kidogo umekupita. Tangu wiki ya kwanza alilibatiza gari jina la mke mwenzake.

"Yeye ndiye mkubwa," alikuwa akiwaambia wanawake wenzake bombani. "Alinitangulia. Mimi nangoja zamu yangu."

Jumamosi tulikuwa tunatoka sote wawili hadi ukingoni mwa uwanda, mahali unapoona bonde lote la Ruvuma na nchi ya wenzetu ng'ambo. Nilizima injini tukakaa kwenye ubao wa kukanyagia tukila mihogo ya kuchemsha. Nilimfundisha kulitambua gari kwa sikio, na kwamba injini ikiwa ya moto humwagii maji ya baridi, itapasuka, unangoja. Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wangu. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo aliendelea kuniita Mwalimu kama watu wote, ila alilitamka kwa namna yake. Nilikuwa mtu mwenye furaha na sikulijua hilo.

Maji aliyachota yeye. Palikuwa na bomba la mradi, na injini ya kusukuma maji ikifanya kazi wanawake walipanga madebe foleni wakapata. Ikiharibika au mafuta yasipofika, walishuka mtelemko hadi chemchemi za bondeni, wakatoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Nilimwona akirudi, shingo imenyooka, kanga imelowa mabegani. Nilimwona kama unavyomwona mtu anayerudi sokoni. Naapa sikuwahi kuuliza ni mbali kiasi gani.

Kisha vita vya ng'ambo vikaanza. Watu wakawa wanavuka Ruvuma na mizigo yao, wengi wana ndugu kwetu, lugha ni moja. Shuleni tulichimba mahandaki. Ndege za Wareno zilikuwa zikipita juu, na balozi wa nyumba kumi akapita kila mlango kutoa amri: kisionekane kitu kinachong'aa. Mabati yafunikwe majani, sufuria zisianikwe nje. Alipofika kwangu alilitazama gari, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hilo lipake tope."

"Tope linataka maji," mke wangu akajibu kabla yangu.

Tulilipaka hivyo hivyo, kwa maji machafu ya vyombo na udongo mwekundu, bampa, taa, vyuma vyote. Mimi nilikuwa karibu kuugua. Yeye akarudi nyuma akaliangalia, mikono imejaa tope, akasema, "Leo mke mwenzangu kakaa eda." Tulicheka mpaka balozi naye akacheka.

Miezi ikapita ndege zikapungua, tukaanza kusahau. Ikakaribia Saba Saba. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kutoka Mtwara, na mkuu wangu wa shule akaniomba gari langu ndilo litangulie kumpokea kule barabarani na kumleta uwanjani. Niliomba ruhusa kwa balozi kulisafisha, kwa siku moja tu, akaniruhusu shingo upande. Injini ya bomba ilikuwa imeharibika wiki nzima. Nyumbani tulikuwa na mtungi mmoja na debe moja vyenye maji, mbali na lile la gari. Siku moja kabla, mke wangu akiwa shambani, nilivimaliza vyote viwili kulioshea gari. Aliporudi akakuta mtungi na debe vikavu na gari likimeta. Alipika mihogo kwa kuichoma.

Asubuhi ya Saba Saba nilivaa suti yangu, nikaenda shuleni kuwapanga wanafunzi, nikarudi kuchukua gari. Pale uani nikamkuta mwanamke mmoja aliyevuka mto siku chache nyuma, ana watoto wawili. Mdogo alikuwa na homa kali. Mke wangu alikuwa amempakata, anamkanda mwili kwa kitambaa chenye maji, na uji ulikuwa jikoni. Debe la gari lilikuwa limelala ubavu, tupu, maandishi yangu yakitazama juu.

Mkuu wa shule alikuwa nyuma yangu. Walimu wengine wawili pia. Nilimwambia mke wangu, mbele yao na mbele ya yule mwanamke, "Nani amekuruhusu kugawa maji yangu?"

Alinyanyua uso akanitazama.

"Maji yako," akasema.

Hakuliuliza, alilirudia tu, kama mtu anayejifunza neno geni. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akalichukua debe, akakunja kanga yake kuwa ngata, akatoka. Sikumzuia. Nilisimama na suti yangu nikiwaambia wenzangu kwamba atapata kwa jirani, atarudi sasa hivi.

Alirudi jua limeshapita utosi. Alikuwa ameshuka bondeni. Alilitua debe karibu na gurudumu la mbele, limejaa mpaka mdomoni, majani ya mti yakielea juu ili maji yasimwagike. Akaingia ndani. Mimi, ambaye kwa saa zote hizo nilikuwa natembea uani nikitazama saa yangu, nilifungua kifuniko cha rejeta, nikayamimina, nikapiga hendeli, nikaondoka. Mgeni rasmi alikuwa ameshapokewa kwa landrova, lakini niliwahi kulipitisha uwanjani mwishoni mwa sherehe, na watu wakapiga makofi. Nilipunga mkono. Huwa nikifika hapa kwenye kumbukumbu zangu nafumba macho, ingawa hakuna anayeniona.

Niliporudi, nyumba ilikuwa imefagiwa. Nguo zake hazikuwepo. Yule mwanamke wa ng'ambo pia alikuwa ameondoka naye, na watoto.

Nilimpa wiki moja, nikijidai kuwa na hasira. Wiki ya pili nikaenda Makote. Huko mwenye neno ni mjomba, siyo baba. Nilimkuta amekaa kwenye kibao anachambua korosho, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitandikia mkeka. Akaagiza niletewe maji ya kunawa, bakuli limejaa, kisha maji ya kunywa, kata imejaa. Nilikunywa nikiwa nimeinama. Nilimwambia nimekosa, niko tayari kulipa faini, waseme wanachotaka.

"Mwalimu," akasema, "sisi hatutaki kitu chako. Hatukupigi faini. Tunaomba jambo moja. Shuka bondeni uteke debe moja, ulilete hapa mlangoni. Mtu wetu akiliona, atarudi na wewe siku hiyo hiyo."

"Debe moja tu, mjomba?"

"Moja tu."

Nilikaribia kucheka kwa faraja. Hakusema nilibebe kichwani. Hakusema nitembee kwa miguu. Hakusema kwa sababu kwao maji hayajui njia nyingine ya kufika nyumbani, na mimi, mtu wa Rungwe, msomi, nikasikia tu idadi ya madebe.

Kesho yake niliazima madebe matatu, nikachukua na la kwangu, nikayapanga kwenye gari, nikateremka mlima kwa barabara ya Masasi hadi kwenye kijito chini. Niliyajaza yote manne. Moja si kitu, nilijiambia, nitawapelekea manne, mjomba aone mimi ni mtu wa aina gani. Nilikuwa napiga mluzi.

Gari halikuwahi kuupanda mlima ule na mzigo wa aina hiyo. Kwenye kona ya kwanza rejeta ilianza kutoa moshi. Nikasimama, nikangoja ipoe kama ninavyofundisha watu, nikamimina debe la kwanza. Kona ya tatu, la pili. Mvujo ulikuwa umefunguka zaidi kwa joto, na barabarani nyuma yangu nikaona mstari wa maji ukinifuata. Ningeweza kuliacha gari pale. Nilikuwa na madebe mawili yaliyojaa, na njia imebaki nusu. Ningejitwika moja, nikaenda nalo, gari likanisubiri. Naapa wazo hilo lilinijia, na nikalifukuza, kwa sababu sikuweza kuliacha gari langu peke yake mlimani. Debe la tatu likaingia. La nne nililigawa kidogo kidogo, nikilibembeleza gari kwa maneno ambayo mke wangu sikuwahi kumwambia.

Nilifika Makote nikipiga honi. Viti vya nyuma vilikuwa vimelowa, madebe yanagongana. Mjomba alisimama. Mke wangu akatoka mlangoni, amejifunga kanga ya kazi. Nililishusha debe lililokuwa na kitu, nikaliweka mbele yake. Maji yalikuwa ya kufunika vidole.

Alichungulia ndani. Akayaangalia yale mengine matatu.

"Mengine yako wapi?"

"Gari limeyanywa," nikasema.

Akacheka. Alicheka kicheko chake kile cha ukingoni mwa uwanda, mpaka akashika mlango, na mimi nikaanza kucheka naye, nikadhani nimesamehewa. Kisha kikakatika. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Basi lipe na haya," akasema, akaingia ndani.

Mjomba alikaa chini, akarudia korosho zake. "Umesikia, Mwalimu," akaniambia kwa upole. Na kweli nilihitaji maji yale ili nirudi nyumbani.

Miaka ikaenda. Niliendelea kufundisha, na nikaendelea kulipenda gari. Nisingependa kudanganya kwamba nililichukia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nililipenda vile vile. Nililitafutia vipuri Lindi, nikalipaka rangi. Jumamosi nilikwenda nalo ukingoni peke yangu, nikakaa kwenye ubao upande wangu, upande wake ukabaki mtupu. Nilisikia ameolewa na mkulima wa huko huko Makote. Nilisikia amejifungua mtoto wa kike. Nilijilaza mchana kutwa siku niliyosikia hilo la pili, nikawaambia wanafunzi naumwa malaria.

Ukaja wakati wa vijiji vya Ujamaa. Watu wakatolewa kwenye mashamba yao yaliyotawanyika wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, na wengi waliacha mikorosho yao nyuma. Mimi nikapangiwa kusimamia kisomo cha watu wazima katika kijiji kimojawapo kipya. Siku ya kwanza nilipofika nikaiona nyumba ya tatu kwenye mstari wa pili, na mlangoni yupo yeye, mtoto mgongoni. Tulisalimiana kama watu wanaofahamiana. Kijiji kile kilikuwa mbali zaidi na maji kuliko alikotoka. Kila nikienda kufundisha nilimkuta anatoka au anaingia na debe, na sasa nilitazama. Nilihesabu hata hatua zake kutoka barabarani hadi mlangoni.

Sikutaka kumrudisha. Alikuwa na mume mwema na mtoto. Nilitaka tu deni lile moja, debe moja, lifike mlangoni kwake, hata kama halitanunua kitu tena. Likizo moja, Jumamosi, nililiacha gari chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yangu, zima kabisa, nikachukua debe pekee nililokuwa nalo, nikashuka bondeni kwa miguu.

Wanawake waliokuwa kwenye chemchemi waliacha kuchota waliponiona. Kisha wakacheka, bila ubaya. Bibi mmoja alinisokotea ngata ya majani, akaniwekea kichwani, na wawili wakanitwisha. Nikaanza kupanda, wao wakanipita wote, wengine wana mimba. Maji yalinimwagikia machoni na ndani ya shati. Shingo ilikuwa kama inaingia kifuani. Nilitaka kupumzika, na hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo kila mtoto wa kike wa uwanda ule analijua: huwezi kupumzika. Ukilitua, nani atakutwisha? Kwa hiyo hupumziki hata mara moja, kutoka chini hadi juu. Nikamkumbuka siku ile ya Saba Saba, akipanda na jua lile, na maneno yangu masikioni mwake, bila kutua. Nililia njia nzima, na kwa sababu nilikuwa nimelowa uso mzima hakuna aliyejua.

Nilifika kijijini mchana. Alikuwa uani, mumewe akichonga mpini wa jembe. Yeye aliponiona alitupa alichoshika akaja mbio kunipokea mzigo, tukalishusha pamoja. Nilikuwa sina pumzi. Nilikuwa nimepanga la kusema: haya ni yako. Maneno matatu, niliyarudia njia nzima.

Yeye alikuwa anatazama ubavu wa debe. Nami nikatazama. Rangi yangu nyeupe, mwandiko wangu wa ubaoni: MAJI YA GARI. Nilikuwa nimelibeba bonde zima kichwani na sikuwa nimeyakumbuka maandishi yale.

"Pole, Mwalimu," akasema kwa huruma ya kweli. "Limekufia wapi?"

Mumewe naye akaweka mpini chini. "Ungetuma mtu atuite, Mwalimu. Twende tukalisukume?"

Nilimtazama yeye, nikamtazama mumewe ambaye hakuwa na kosa lolote, nikamtazama na mtoto. Maneno yangu matatu yalikuwa pale, yakagoma kutoka. Ningeyasema vipi, katika ua wa mtu, mbele ya mwenye ua?

"Kule juu, karibu na shule," nikasema. "Si mbali. Nitaweza."

Aliingia ndani akanitolea maji ya kunywa, kata imejaa, kutoka kwenye mtungi wake aliouchotea mwenyewe asubuhi ile. Nilikunywa yote. Alipokea kata, akaniangalia kidogo.

"Usilimwagie likiwa bado la moto," akasema. "Litapasuka. Ngoja kwanza."

"Nitangoja," nikasema.

Akashika debe upande mmoja, mimi upande mwingine, tukalinyanyua, akanitwisha. Akaniwekea sawa ngata yangu kwa mkono wake. Nikayabeba maji yale mpaka nyumbani.